UZI: Sikio linalotoa usaha miaka nenda rudi si la kuzibwa pamba. Tuzungumze matone, tafiti na upasuaji

fundi_redio_moro (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Juzi bibi mmoja jirani yangu alikuja dukani kuchukua redio yake, kafuatana na mjukuu. Mtoto ana miaka minane hivi. Sikioni kachomekwa kipamba, kimeshakuwa cha njano, na nilipoinama kumsalimia nikasikia ile harufu. Ningeitambua hata nikiwa usingizini, kwa sababu nimeishi nayo miaka 23. Nimeshindwa kulala bila kuandika.

Mimi ni fundi redio na TV, Morogoro. Sikio langu la kulia lilianza kutoa usaha nikiwa darasa la kwanza, baada ya surua. Lilikauka, likarudi, likakauka tena. Kila mafua yakinishika, usaha. Kila nikioga mtoni, usaha. Darasa la nne nilihamishwa dawati mara tatu kwa sababu wenzangu walilalamikia harufu, mwishowe nikawekwa peke yangu dirishani, upande wa kulia wa darasa, sikio bovu limeelekea kwa mwalimu. Hapo ndipo hesabu ziliponipotea. Mwalimu alidhani mimi mvivu. Nilikuwa sisikii.

Bibi yangu, Mungu amrehemu, alitia mafuta ya nazi yaliyopashwa na kitunguu saumu. Shangazi akatia maziwa ya mama. Walinipenda, na hicho ndicho walichokuwa nacho. Baadaye nilipokuwa mkubwa nikawa naenda duka la dawa, napewa matone ya jentamisini, chupa baada ya chupa. Miaka yote hiyo hakuna hata mmoja aliyechungulia ndani ya sikio langu.

Nilipofika miaka 30 nikaenda hospitali ya rufaa, idara ya masikio, pua na koo. Daktari alinilaza, akalitazama sikio kwa darubini kubwa ya kusimama, akafyonza uchafu kwa kibomba chembamba kama sindano. Akaniambia ngoma ya sikio ina tundu katikati, karibu nusu yake haipo. Kisha akachukua kile chuma chenye umbo la uma, akakigonga kwenye goti lake, akaniwekea shina lake katikati ya paji la uso. "Unasikia upande gani?" Nikaona aibu kujibu, maana jibu lilionekana la kipumbavu. Nilisikia kwenye sikio bovu. Akatabasamu. Akasema hiyo ni habari njema, maana yake mshipa wa fahamu uko hai, tatizo liko kwenye njia ya kupitisha sauti. Kwa lugha ya kazi yangu nilimwelewa papo hapo: kiwambo cha maiki kimechanika, amplifaya ni nzima.

Tulilikausha kwanza kwa matone ya aina nyingine, likakaa kavu miezi mitatu, ndipo nikapasuliwa. Nusu kaputi. Walichana nyuma ya sikio kwenye kunjo. Sasa fanya hivi: weka vidole viwili juu ya sikio lako, halafu uma meno kwa nguvu. Ule msuli unaotuna umefunikwa na utando mweupe mwembamba. Walikata kipande cha utando huo, wakakikausha, wakakipitisha chini ya kingo za ngoma iliyochanika, kama ninavyoweka kiraka kwa ndani ili hewa isikibandue.

Wiki nzima nilifungwa bandeji kama kilemba. Ulimi upande wa kulia ulionja kama nimeweka sarafu mdomoni kwa miezi miwili, kisha ikaisha. Wiki ya saba hivi nilikuwa nimeinamia redio ya mteja, nikagusisha solda kwenye risasi, nikasikia "tsss" upande wa kulia. Nimefanya kazi hii miaka kumi na moja. Sikuwahi kujua kwamba solda ina sauti pande zote mbili.

Nimefungua uzi ili mwenye mtoto wa namna hii asisubiri kama mimi. Wataalamu karibuni mtunyooshe.

pwagu_wa_tanga

Nimeguswa mkuu. Nafuatilia kwa karibu.

mwalimu_wa_limuru

Asante mleta uzi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Kenya, kaunti ya Kiambu. Kila mwaka sikosi watoto wawili watatu wenye pamba sikioni. Wazazi wakienda zahanati wanarudi na amoksilini ya kumeza, usaha unapungua siku tano, halafu yale yale. Je, hizi dawa za kumeza zinasaidia? Na pamba, itolewe ama ikae?

tabibu_wa_masikio

Mwalimu, swali lako limeniingia kwa sababu jibu lake lilitafutwa hukohuko kwenu.

Kwanza tuelewane ugonjwa wenyewe. Usaha ukitoka kupitia tundu la ngoma ya sikio kwa wiki 2 au zaidi, Shirika la Afya Duniani linauhesabu kuwa sugu. Wataalamu wengine wanataka zifike wiki 6, wengine miezi 3. Mwaka 2004 shirika hilo lilikadiria kuwa wenye masikio ya namna hii duniani ni kati ya milioni 65 na milioni 330, na asilimia 60 hivi kati yao usikivu wao umepungua. Tazama upana wa makadirio hayo. Wagonjwa wengi hawajawahi kuhesabiwa na mtu, kama mleta uzi alivyokaa miaka 23.

Mwaka 1996 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa watoto wa shule wa Kiambu, watoto 524. Waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilikaushwa masikio tu, kwa kitambaa au pamba iliyosokotwa. Kundi la pili lilikaushwa, likapewa na matone ya antibayotiki yenye steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, pamoja na antibayotiki ya kumeza. La tatu halikupewa tiba katika kipindi cha utafiti. Baada ya wiki 16, waliotibiwa kwa dawa walikuwa wamekauka asilimia 51. Waliokaushwa tu, asilimia 22. Wasiopewa kitu, asilimia 22 vilevile.

Yasome tena hayo mawili ya mwisho. Kukausha peke yake kulilingana na kukaa bila tiba. Kukausha kuna kazi moja kubwa: kusafisha njia ili tone lifike lilikotumwa. Tone likidondoka juu ya usaha linaelea hapohapo.

Kuhusu ya kumeza: tafiti zilizolinganisha zimeonyesha kwamba kwa sikio sugu lisilo na hatari nyingine, matone ya jamii ya siprofloksasini hukausha vizuri kuliko vidonge. Sababu yake si ngumu. Kidonge lazima kipite tumboni, kiingie kwenye damu, kifike kwenye nyama ya sikio iliyovimba na yenye makovu, na kinachofika ni kidogo. Tone linamwagwa juu ya mdudu mwenyewe. Halafu wadudu wa sikio sugu, hasa yule anayeitwa sudomonasi, amoksilini haiwasumbui kabisa.

Pamba itolewe, mwalimu. Inafungia unyevu ndani. Ichomekwe wakati wa kuoga tu, imepakwa mafuta mazito ya kujipaka ili maji yasipite, kisha itoke.

Na jentamisini aliyopewa mleta uzi: dawa za kundi hilo zikipita kwenye tundu na kufika sikio la ndani zinaweza kuua chembe za usikivu, na hizo hazioti tena. Ndiyo maana nasisitiza mtu aangaliwe kwanza kama ngoma ni nzima. Dozi siandiki hapa, kila sikio litazamwe.

mwalimu_wa_limuru

Yaani wale watoto walikuwa wa hapa Kiambu! Hakuna mtu aliwahi kutuambia. Na kwa shule kama yetu isiyo na nesi, nani atatia matone mara mbili kwa siku?

tabibu_wa_masikio

Watoto wenyewe. Sitanii.

Mwaka 2005 ulitoka utafiti mwingine wa Kenya. Walipima wanafunzi 39,841 katika shule 141, wakapata 427 wenye masikio sugu wakawaingiza. Nusu walipewa matone ya siprofloksasini, nusu asidi ya boriki iliyochanganywa na spiriti, ile dawa ya bei nafuu ya siku nyingi. Waliotia dawa ni wanafunzi wenzao waliofundishwa, mara mbili kwa siku kwa wiki 2. Mtoto anamlaza mwenzake kichwa upande, anakausha, anadondosha, anabonyeza kile kinundu cha mbele ya sikio mara kadhaa ili tone lisukumwe ndani. Baada ya wiki hizo 2, waliopata siprofloksasini walikauka asilimia 59, wa boriki asilimia 32.

Chupa ishikwe kiganjani kwanza mpaka ipate joto la mwili. Tone baridi likifika ndani linamtia mtoto kizunguzungu hata akatapika, na siku ya pili hatakubali tena.

Lakini kuna kipande cha utafiti huo ambacho watu hukiruka. Kwa usikivu, baada ya wiki 4, kundi la siprofloksasini liliwazidi wenzao kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 na ushei tu. Mtoto hawezi hata kuitambua tofauti hiyo darasani. Usaha umekauka, harufu imeondoka, na hilo ni jambo kubwa kwa mtoto aliyetengwa. Ila tundu kubwa likibaki, bado hamsikii mwalimu. Hapo ndipo upasuaji unapoingia.

mama_wa_wawili

Samahani naingilia. Mimi binti yangu ana miaka 10. Sikio la kushoto halitoi usaha mwingi kama mnavyosema, ni kidogo tu, lakini linanuka vibaya sana, kama panya aliyeoza. Limekuwa hivyo mwaka wa pili. Tumeshatumia siprofloksasini mara tatu. Wiki hii analalamika kichwa, na tangu juzi naona akicheka mdomo unavutwa upande wa kulia. Akilala jicho la kushoto halifumbi vizuri, linabaki wazi kidogo, naona weupe. Watu wananiambia ni upepo mbaya, nimkande maji ya moto. Naombeni ushauri.

tabibu_wa_masikio

Mama, usisubiri kesho. Mpeleke leo hospitali yenye daktari wa masikio, pua na koo. Ukifika mapokezi usiseme "sikio linauma". Sema: "Sikio linatoa usaha na uso umepooza upande huohuo." Sema hivyo hivyo, watakuelewa. Usimkande, usitie kitu chochote sikioni. Jicho lile usiache likauke, waombe mafuta ya kupaka ndani ya jicho.

Mshipa wa fahamu unaoendesha uso unapita ndani ya mfupa wa sikio, kwenye mfereji mwembamba. Kuna mahali ukuta wa mfereji huo ni mwembamba kama ganda la yai. Kitu kikiula ukuta, uso unalegea. Usaha kidogo wenye harufu kali, usiokubali dawa, ndio unaonitia wasiwasi kuliko usaha mwingi. Andika hapa ukishafika.

fundi_redio_moro

Dada, kama uko Morogoro nitumie ujumbe sasa hivi, bajaji ya mdogo wangu ipo.

mama_wa_wawili

Niko Dodoma kaka, Mungu akubariki. Tunatoka sasa hivi na baba yake.

mzamiaji_nungwi

Mungu amfanyie wepesi mtoto. Mie nna suala. N'na tundu sikio la kulia miaka, halitoi kitu, kavu kabisa. Kazi yangu bahari, napiga mbizi kwa pweza. Mara mbili nimezama nikapatwa na kizunguzungu, sijui juu wapi chini wapi, nikafuata mapovu ndo nikatoka. Ni sikio hili au ni pumzi?

tabibu_wa_masikio

Ni sikio, ndugu yangu, na umeponea chupuchupu. Maji baridi yakipita kwenye tundu yanagusa ukuta wa sikio la ndani, penye mizani ya mwili. Upande mmoja unapoa, mwingine una joto, ubongo unadanganywa kwamba unazunguka. Nchi kavu utashika ukuta. Chini ya maji hakuna ukuta.

Usipige mbizi mpaka tundu lizibwe. Na hata likizibwa, usirudi baharini kwa kujipangia mwenyewe. Daktari aliyekupasua aone kiraka kimeshika na kwamba ukibana pua na kupuliza masikio yanafunguka, ndipo akuruhusu.

mzamiaji_nungwi

Ahsante sana daktari. Kumbe. Ntapumzisha mbizi, ntakwenda na mshipi juu ya ngalawa.

kijana_wa_historia

Daktari, huu upasuaji wa kuziba ngoma ulianza lini? Nimeuliza kwa sababu babu yangu ana kovu kubwa nyuma ya sikio, kama shimo, na anasema alipasuliwa lakini hakusikia tena.

tabibu_wa_masikio

Babu yako inaelekea alipasuliwa ili aishi. Upasuaji wa sikio ulianza kama kazi ya kuokoa maisha, usikivu ukaja baadaye.

Nyuma ya sikio kuna mfupa wenye vyumba vidogo vya hewa kama sega la nyuki, mastoidi. Usaha ukijaa humo una njia mbili: kutoka nje chini ya ngozi, au kuingia kichwani. Mwaka 1873 Mjerumani Hermann Schwartze, akishirikiana na Eysell, alieleza kwa utaratibu namna ya kuufungua mfupa huo kwa patasi na kuutoa usaha. Kabla ya antibayotiki upasuaji huo uliokoa watu wengi. Ulilenga kutoa uozo, na mara nyingi vile vifupa vitatu vya kupitishia sauti viliondoka pamoja na uozo.

Kilichobadilisha mambo ni kuona. Vifupa hivyo ni vidogo, cha tatu kinafanana na kikanyagio cha tandiko la farasi na urefu wake ni kama milimita 3. Mwaka 1921 kule Stockholm, Carl Olof Nylén alitumia darubini ya jicho moja kupasua sikio. Mwaka uliofuata mkuu wake Gunnar Holmgren akatumia ya macho mawili. Miaka ya mwanzo ya 1950 kampuni ya Zeiss ya Ujerumani ikaleta darubini ya upasuaji yenye mwanga wake, na hapo Wajerumani wawili, Horst Wullstein na Fritz Zöllner, wakaanza kuijenga upya ngoma na njia ya sauti. Wullstein aliugawa upasuaji huo katika aina 5, kufuatana na kilichobaki ndani, na mpaka leo tunaandika kwenye faili "aina ya 1" kwa mtu kama mleta uzi ambaye vifupa vyake ni vizima.

Ila walianza na ngozi. Walichukua kipande cha ngozi wakaziba nacho. Kikashika vizuri, wakafurahi, halafu baada ya muda masikio yakaanza kunuka. Ngozi ina tabia ya kupukutisha chembe zilizokufa kila siku. Mkononi zinaoshwa. Ndani ya sikio zinarundikana na kuoza. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuingia ya 1960 wakahamia kwenye utando wa msuli, huo ambao mleta uzi amekuambia uume meno uuguse. Huo haupukutishi. Umekaa kwenye kazi hii zaidi ya miaka 60.

Na kisa hicho cha ngozi ndicho kinachoeleza sikio la binti wa mama_wa_wawili. Mwaka 1838 Johannes Müller aliupa ugonjwa wa namna hiyo jina la kolesteatoma, akidhani ni uvimbe wenye mafuta. Si uvimbe wa saratani wala si mafuta. Ni ngozi iliyoingia pasipo pake, nyuma ya ngoma ya sikio, ikawa inapukutika na kujijaza kama kitunguu, tabaka juu ya tabaka, huku ikiula mfupa unaoizunguka. Hakuna tone wala kidonge kinachoimaliza. Inatolewa kwa mkono.

mgonjwa_wa_zamani

Mimi nasikitika kuwa tofauti na nyinyi. Nilipasuliwa 2019, sikukosa kliniki hata moja, na baada ya miezi mitano tundu likarudi. Nilitumia akiba ya mwaka mzima. Mtu asiambiwe kwamba ukipasuliwa basi umepona.

tabibu_wa_masikio

Pole sana. Umesema kweli na ni vizuri imeandikwa hapa. Kwenye tafiti nyingi, kiraka cha kawaida hushika kwa wagonjwa 80 hadi 90 na zaidi katika kila 100. Maana yake wapo ambao hakishiki, na kwao hiyo asilimia haifuti maumivu. Matundu makubwa, yaliyo upande wa mbele ambako damu haifiki vizuri, wavutaji sigara, na wenye sikio la pili nalo bovu huwa na bahati ndogo zaidi.

Ninachokuomba usikate tamaa. Kwa marudio wengi wetu hatutumii utando tena, tunachukua gegedu, ule mfupa laini, kipande chembamba kutoka kwenye kile kinundu cha mbele ya sikio au kwenye bakuli la sikio lenyewe. Ni gumu kidogo, halinywei. Watu waliogopa kwamba ngoma ya gegedu itakuwa nzito, sauti isipite. Tafiti zilizolinganisha zimeonyesha usikivu unakaribia kuwa sawa, na kiraka cha gegedu hushika zaidi. Siku hizi pia penye vifaa wanaingia kwa kamera nyembamba kupitia tundu la sikio bila kuchana nyuma. Kuziba kunalingana na kwa darubini, kidonda kinapungua.

mgonjwa_wa_zamani

Hili la gegedu sikuambiwa. Asante. Nitaenda kuuliza.

fundi_redio_moro

Mkuu, pole. Ningepaswa kuandika mwanzoni kwamba kwa wengine kiraka hakishiki mara ya kwanza. Nimelikumbuka kosa langu.

Kwa atakayepasuliwa, niliyoambiwa na yakanisaidia: usipenge kamasi kwa nguvu, chafya ikija iachie mdomo wazi, usibebe mzigo mzito, maji yasiingie. Mke wangu aliniosha kichwa kwa kitambaa wiki sita kama mtoto mchanga.

dereva_wa_usiku

Naomba kuingiza pua. Pua yangu upande mmoja imeziba tangu nilipoangukiwa na boksi. Nimeambiwa ukuta wa kati umepinda. Nimepulizia dawa mwaka mzima. Nipasuliwe au niendelee?

tabibu_wa_masikio

Kama ukuta umepinda kweli na umeonekana, mwaka mzima wa dawa ya kupulizia unatosha. Uingereza walifanya utafiti huo hasa, watu wazima 378, nusu wakanyooshwa ukuta, nusu wakapewa dawa za kupulizia na maji ya chumvi kwa miezi 6. Walipimwa kwa maswali 22 ya dalili, alama kubwa ni mateso zaidi. Baada ya miezi hiyo waliopasuliwa walikuwa na wastani wa 19.9, wa dawa 39.5. Dawa ya pua inatuliza nyama iliyovimba, haiwezi kunyoosha gegedu. Lakini kama tatizo lako ni mzio na pua zote mbili zinapokezana kuziba, hapo kisu hakitakusaidia. Upimwe pua kwa kamera kwanza.

shangazi_kigamboni

Na mtoto asiyesikia kabisa tangu kuzaliwa, naye anazibwa hivyo?

tabibu_wa_masikio

Hapana shangazi. Huyo mara nyingi ngoma yake ni nzima, kilichokufa ni sikio la ndani. Kwake kuna vifaa vya kusaidia kusikia, na visipotosha kuna kifaa cha kupandikiza. Zamani watoto walipelekwa India, Muhimbili walianza kupandikiza wenyewe 2017. Muhimu ni umri, asisubirishwe hadi aanze shule.

mama_wa_wawili

Wakuu, samahani kwa kimya. Nimeahidi mrejesho.

Siku ile tulifika saa mbili usiku. Nilisema maneno yaleyale niliyoandikiwa, nesi akainuka pale pale. Akapigwa picha ya CT ya masikio, kesho yake daktari akatuonyesha kwenye kioo. Upande wa kulia mfupa una vyumba vyumba kama daktari alivyoandika, sega la nyuki. Kushoto pamejaa kivuli, na ukuta wa mshipa wa uso umeliwa. Alipasuliwa kwa saa nne. Daktari alituambia ilibidi waunganishe mfereji wa sikio na mfupa wa nyuma liwe shimo moja, ili ile ngozi isipate pa kujificha. Kifupa kimoja kilikuwa kimeshaliwa. Usikivu wa sikio hilo haujarudi, na anatakiwa kusafishwa kliniki kila baada ya muda, pengine miaka mingi. Mwaka kesho atapigwa picha nyingine kuangalia kama kuna mbegu iliyobaki.

Nililia kwa ajili ya usikivu. Daktari akaniambia mama, tulikuwa tunakimbizana na ubongo.

tabibu_wa_masikio

Na uso?

mama_wa_wawili

Ndiyo nilikuwa nafika huko. Wiki tatu za kwanza hakuna kitu. Nilikuwa nampaka mafuta ya jicho, nambandika plasta usiku lisikauke. Wiki ya tano akawa anaweza kukunja pua. Leo ni wiki ya tisa. Akicheka bado mdomo unachelewa kidogo upande wa kushoto, ukimtazama sana.

fundi_redio_moro

Alhamdulillah. Dada nimefunga duka nisome vizuri.

Nami nina mrejesho. Yule bibi alikuwa mgumu, alisema kipamba kinazuia nzi. Nilimvulia kofia nikamwonyesha kovu langu la nyuma ya sikio, nikamwambia aliguse. Akaligusa. Jumatano iliyopita tulikwenda naye kliniki, mtoto amekutwa na tundu la katikati, si lile baya. Anakaushwa kwa matone sasa. Dada yake wa darasa la sita ndiye anayemtilia, nimemfundisha kupasha chupa kiganjani.

mwalimu_wa_limuru

Nimesoma uzi wote kwa walimu wenzangu leo wakati wa chai. Jumatatu tunawachungulia watoto wote wa darasa la kwanza hadi la tatu, wenye pamba tutawaandikia wazazi barua. Mama, na jicho la binti?

mama_wa_wawili

Jana nimeacha kumbandika plasta. Saa sita usiku niliamka nikaenda kumulika kwa tochi ya simu. Yamefumba yote mawili.